Mota ya umeme kwenye kayaki: anza na betri

Anayenipigia simu kuhusu kufunga mota kwenye kayaki huanza na swali lilelile: fundi, ninunue mota kubwa kiasi gani? Mimi kazi yangu ni kufunga sola hapa Mwanza, na kayaki yangu ya plastiki, ile ya kukalia juu, naitumia kuwafuata sato upande wa Luchelele. Jibu langu ni kwamba nunua ndogo. Chombo cha mita tatu na nusu kina kikomo chake cha mwendo. Ukishafika hapo tezi, yaani nyuma ya chombo, inaanza kuzama, na umeme wote unaoongeza unaishia kutengeneza mawimbi. Mota ya volti 12 yenye msukumo wa paundi 30 inatosha. Ya paundi 55 ikifunguliwa mpaka mwisho inakula kama ampea 50, ya 30 inakula kama 30, na mwendo utakaouona majini haupishani kwa kiasi hicho. Chenji inayobaki ipeleke kwenye betri.

Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chukua mota inayopandisha mwendo taratibu bila hatua. Zile za gia tano za kizamani, ukiwa gia ya chini, sehemu ya umeme inapotea kama joto tu.

Sasa betri. Betri ya gari iache kwenye gari. Imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, ukiinyonya mpaka chini mara kwa mara inakufa mapema. Betri ya jeli ya ampea-saa 100 ina uzito unaokaribia kilo 30, na unatakiwa utumie nusu yake tu. Ya lithiamu ya ampea-saa 50 ina kama kilo 6, na asilimia 80 yake unaitumia bila wasiwasi. Piga hesabu: hiyo 80 ni ampea-saa 40. Mwendo wa kati unakula kama ampea 10, kwa hiyo unapata saa nne. Ukifungua mpaka mwisho ni saa moja na dakika 20, basi. Lithiamu ni ghali, sikatai, lakini kwenye kayaki zaidi ya kilo 20 unazopunguza ni samaki utakaorudi nao.

Betri ya lithiamu ina tabia moja ya kuijua: volti zake hazisemi ukweli. Zinakaa 13 na kitu karibu safari nzima, halafu zinaporomoka ghafla. Funga mita inayohesabu ampea zinazotoka. Kwenye jeli, mita ya volti inatosha: ikipumzika ikasoma 12.2, umeshafika nusu.

Waya ndio kitu ambacho wengi wanakibania hela. Wanachukua waya wa nyumba wa milimita 2.5 kwa sababu ulibaki kwenye jengo. Kutoka betri hadi mota tuseme ni mita mbili, kwenda na kurudi nne. Kwa ampea 30, waya huo unakula karibu volti nzima njiani na unapata moto. Wa sola wa milimita 4 unapoteza zaidi kidogo ya nusu volti. Wa milimita 10 unapoteza sehemu mbili za kumi tu, na huo ndio nautumia. Kabla hujalipa, toa kisu ukwangue nyuzi zake. Shaba halisi ukikwangua inabaki nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Mrudishie muuzaji wake. Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo lake, siyo kupigwa nyundo, kisha uvalishe mpira wa kubana kwa moto ili maji yasiingie.

Fyuzi ya ampea 40 ikae kwenye waya chanya, isizidi sentimita 20 kutoka kwenye betri. Kama unapenda swichi ya kujikata yenyewe, nunua iliyoandikwa DC. Ya ukutani nyumbani ni ya umeme wa AC. Kwenye umeme wa betri cheche yake inaweza isikatike, na wewe umekalia plastiki.

Kufunga mota kwenyewe ni kazi ya mchana mmoja. Chukua mbao ya mninga, mbili kwa nne, ipite juu ya kayaki nyuma ya kiti, upande mmoja ichomoze kiasi cha kubana kishikio cha mota. Upande wa mkono unaouzoea, ili usukani uufikie bila kujipinda. Ifunge kwa bolti za chuma kisichoshika kutu, na chini ya bodi uweke washa pana ili plastiki isichanike. Silikoni usiitegemee, haishiki vizuri kwenye plastiki ya kayaki. Kata vipande vya mpira wa tyubu ya gari, viweke kati ya mbao na bodi, kaza mpaka mpira uanze kuvimba pembeni kidogo, hapo simama. Betri ikae upande wa pili au mbele ya miguu, ndani ya boksi lenye mfuniko, imefungwa kwa mkanda. Kayaki ikipinduka, betri isiwe ya kwanza kwenda chini.

Pangaboi, yaani propela ya mota, lizame sentimita 15 hadi 20 chini ya uso wa maji. Likiwa juu zaidi linavuta hewa, unasikia mota inalia lakini huendi popote.

Jaribio la kwanza fanya nyumbani, kwenye pipa la lita 200 lililojaa maji. Usiiwashe mota mkavu muda mrefu, maji ndiyo yanayoipoza na kulinda sili zake, ile mipira inayozuia maji kuingia ndani. Na kusimama saa nzima kwenye maji ya magotini kando ya majani, huku unakaza nati, ni kukaribisha kichocho bure.

Ziwani, toka alfajiri upepo haujaamka, na uanze safari kwa kuelekea upepo unakotoka, ili ukirudi ukusukume. Mita ikionyesha umetumia asilimia 40, geuza, hata kama samaki ndio kwanza wanakula. Gugu maji usilipitie katikati. Zima mota, inua, piga kasia. Maboya ya nyavu za watu zungukia mbali, maana ukinasa hapo utakuwa na mazungumzo marefu na mwenye nyavu. Maji ya kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, ndoano zako zipeleke kwingine. Chombo kikishakuwa na mota, pita TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, uulize habari za usajili na ukaguzi, na leseni ya uvuvi uikate halmashauri.

Kasia halibaki nyumbani, jaketi la kuokolea linavaliwa siyo kukaliwa, na mfukoni uwe na pini mbili za pangaboi, nati na spana yake. Pini imeundwa ivunjike pangaboi likigonga jiwe, na huku kwetu mawe hayakosekani.

Kila unaporudi, fungua pangaboi uangalie nyuma yake. Mshipi wa nailoni hujizungusha pale kwenye ekseli bila wewe kujua, unakata sili, na maji yanaingia ndani ya mota taratibu. Ukiuona, ukate kwa wembe, futa, rudisha pangaboi, kisha chaji betri siku hiyohiyo kama ni ya jeli. Ya lithiamu inaweza kusubiri kesho.