Kupima mmomonyoko wa udongo Kigezi kwa sesiamu ya mabomu ya nyuklia

Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, yaliyoshamiri kabla ya mkataba wa 1963 wa kuyapiga marufuku, yalitawanya sesiamu-137, elementi yenye mionzi, duniani kote, Uganda ikiwemo. Mvua iliishusha ardhini, ikang'ang'ania chembe za mfinyanzi. Udongo ukihama, nayo huhama. Shamba lenye pungufu ya kiasi kilichoshuka limepoteza udongo; bonde lenye ziada limeupokea. Nusu-maisha yake, yaani muda wa nusu yake kutoweka, ni miaka 30 hivi, kwa hiyo ya 1963 imebaki takriban robo. Tena ukanda wa ikweta ulipata kidogo kuliko nchi za kaskazini, basi usitarajie namba kubwa.

Kazi yote inategemea eneo rejea, yaani mahali pasipopoteza wala kupokea udongo, pa kulinganisha na shamba. Tafuta tambarare yenye nyasi, isiyo chini ya miti, ambayo haijalimwa wala kujazwa kifusi tangu miaka ya 1950. Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, vilima vimelimwa hadi kileleni, kwa hiyo anzia viwanja vya makanisa ya zamani. Waulize wazee: uwanja wa shule ulionyooka vizuri mara nyingi ulisawazishwa kwa tingatinga.

Gongomea bomba la chuma lenye kipenyo cha ndani cha sm 10 hadi kina cha sm 40. Bondeni nenda chini zaidi, la sivyo utaacha sesiamu iliyofukiwa. Pima kina cha shimo na urefu wa udongo uliotoka. Vikitofautiana, udongo umeshindiliwa. Eneo rejea linahitaji sampuli zisizopungua 10, maana hata ardhi isiyoguswa haiko sawa kila mahali. Sampuli moja ikate vipande vya sm 2 kutoka juu hadi chini, kila kipande kipimwe peke yake. Sesiamu inapaswa kuwa nyingi karibu na juu, kisha ipungue upesi. Ukiikuta imesambaa sawasawa hadi sm 15 au 20, jembe lilishapita hapo, hata mwenyeji akiapa. Hamia kwingine.

Kausha, ponda, chekecha kwa tundu za mm 2, pima uzito.

Maabara itumie kigunduzi cha gemaniamu kinachopozwa kwa naitrojeni kimiminika, isome mstari wa miale ya gama ya sesiamu kwenye keV 662 (kipimo cha nishati) kwa sekunde 80,000 hivi. Cha sodiamu ayodaidi ni nafuu, lakini hakitenganishi mstari huo na ile ya bismuthi-214 kwenye 609 na 665, inayotokana na urani ya asili udongoni. Utapata sesiamu ya uongo. Jaza kopo kwa kimo kilekile cha sampuli ya kulinganishia. Anayetaka kumiliki chanzo cha mionzi cha kulinganishia aanze na kibali cha Atomic Energy Council, mamlaka ya Uganda inayosimamia mionzi.

Hesabu: zidisha bekereli (kipimo cha mionzi) kwa kilo na kilo zote za udongo uliochekechwa, gawanya kwa eneo la mdomo wa bomba, mita mraba 0.00785. Kilo 3 zenye bekereli 1 kwa kilo zinatoa bekereli 382 kwa mita mraba. Kwa kuwa sesiamu hupungua kila siku, matokeo yote yarudishwe kwenye tarehe moja. Shamba likitofautiana na rejea kwa kiasi kidogo kuliko sampuli za rejea zinavyotofautiana zenyewe, usiandike kuwa limemomonyoka, ongeza sampuli.