Kabla ya dadu ya kwanza: kuwekana sawa kwa kampeni ya njozi ya mtindo wa zamani

Katika mchezo wa kuigiza wa mezani, kila mchezaji huigiza mhusika wake, mwamuzi huwaeleza wanachokutana nacho, na dadu huamua mengine; kampeni ni mfululizo wa vikao vya mchezo huo. Mhusika anapokufa chumba cha pili, saa moja tu tangu mchezo uanze, mambo mawili yanaweza kutokea. Kama wote mezani walijua kwamba kifo cha namna hiyo kipo, mwenye mhusika anavuta karatasi mpya na kuomba dadu. Kama hawakujua, anaona ameonewa, na kikao kijacho haji. Tofauti hiyo hutengenezwa kabla ya mchezo, na anayeitengeneza ni mwamuzi.

Mtindo wa zamani hapa ni uchezaji wa mchezo uitwao Dungeons & Dragons tangu ulipotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Namba zote zilizomo humu ni za toleo la 1981 lililohaririwa na Tom Moldvay, kwa sababu kanuni zake ni fupi na michezo mingi ya leo inayofuata mtindo huu imezichukua karibu zilivyo. Ukitumia kanuni nyingine, badili namba tu.

Anza na hesabu, maana hesabu ndiyo inayobeba ladha yote ya mchezo. Mpiganaji wa daraja la kwanza, yaani anayeanza, hupata pointi za uhai kwa dadu moja ya pande 8, mchawi kwa dadu ya pande 4. Silaha ya kawaida huumiza kwa dadu ya pande 6, na anayefika sifuri amekufa. Bila nyongeza yoyote, pigo moja likimpata mpiganaji ambaye hajajeruhiwa, uwezekano wa kumwua ni karibu 44 kwa 100. Kwa mchawi ni 75 kwa 100. Wasomee wachezaji namba hizi kwa sauti. Ukisema tu kwamba "mchezo huu ni mgumu", kila mtu atauelewa ugumu huo kwa kipimo cha michezo aliyoizoea.

Halafu waonyeshe upande wa pili. Goblini mmoja, kiumbe mdogo mkorofi wa hadithi, akiuawa huleta pointi 5 za uzoefu, na mpiganaji anahitaji 2,000 ili apande daraja la pili. Angekuwa peke yake, angelazimika kuua magoblini 400. Lakini sarafu moja ya dhahabu iliyotolewa salama mahandakini ni pointi 1, kwa hiyo sanduku moja la sarafu 500 lina thamani ya magoblini 100. Hapo watu huanza kuelewa wenyewe kwamba kupigana ni hasara, na kwamba kunyata, kuhonga, kudanganya na kukimbia ndiko kunakolipa.

Yote haya yaingie katika ukurasa mmoja, uutume wiki moja kabla. Kurasa tano hazisomwi. Unaweza kuandika hivi:

"Hakuna hadithi iliyopangwa. Kuna mji mdogo, na nusu siku kutoka hapo kuna magofu yenye mahandaki. Mtaamua wenyewe mnakwenda wapi. Dadu nitazitupa mbele yenu na sitabadili matokeo. Si kila mtakachokutana nacho mnaweza kukishinda. Pointi hutokana zaidi na hazina iliyofika mjini. Ukitaka kujua kitu, uliza. Nitakwambia kile ambacho mhusika wako angekiona, kukisikia au kukinusa. Historia ya mhusika iwe sentensi moja."

Sentensi ile ya mwisho ishikilie bila huruma. Aliyeandika kurasa kumi kuhusu ukoo wa shujaa wake ameshaamua moyoni kwamba shujaa huyo hafi, na kila pigo litakalompata shujaa huyo litamuuma yeye. Historia itapatikana mezani. Akifika daraja la nne atakuwa nayo ya kutosha, na wenzake wote waliishuhudia.

Kikao cha maandalizi kichukue saa moja hadi moja na nusu. Wachezaji wanne hadi sita ndio idadi nzuri. Kubalianeni kwamba kila kikao kinaishia mjini, ili asiyekuja wiki ijayo asikwamishe wengine na asiachwe gizani katikati ya mahandaki. Kubalianeni pia hazina inagawanywaje, na mali ya marehemu inakwenda kwa nani. Ugomvi wa pete ya marehemu umevunja meza nyingi kuliko joka lolote.

Jambo moja linastahili muda zaidi mnapocheza kwa Kiswahili. Maneno ya mchezo huu yakitafsiriwa hayabaki matupu. "Mchawi" kwetu si mzee mwenye kitabu na fimbo. Ni mtu anayedhuru jirani usiku, na wapo wachezaji ambao hawatapenda kuitwa hivyo hata kwa kuigiza. Mezani mnaweza kumwita mwanazuoni wa siri, au mwenye elimu ya nyota, na neno mchawi mkamwachia adui. Kasisi, aina nyingine ya mhusika, naye huabudu miungu ya kubuni, jambo ambalo Mwislamu au Mkristo mwenye msimamo huenda asilitake. Majini kwa wengi si viumbe wa hadithi. Uliza waziwazi, kila mtu ajibu, na linalokataliwa liondolewe bila mjadala. Uliza vilevile kuhusu ukatili kwa watoto, mateso na utumwa. Dakika 10 zinatosha.

Sasa tengenezeni wahusika papo hapo mezani. Dadu tatu za pande 6 kwa kila sifa ya mhusika, kama nguvu au akili, kwa mpangilio, bila kuhamisha. Kama mna dadu za ludo peke yake, zile za pande nyingine badala yake ni vipande vya karatasi vyenye namba ndani ya kikombe. Mwaka 1979, dadu zilipokuwa adimu, kampuni ya TSR yenyewe, iliyochapisha mchezo huu, ilitia vipande vya namba katika boksi la mchezo. Mhusika asichukue zaidi ya dakika 15, na muda huo mfupi ni sehemu ya maelewano: kinachotengenezwa haraka hakililiwi sana.

Ununuzi wa vifaa usiuharakishe, kwa kuwa hapo ndipo wachezaji wanapoanza kufikiri kwa mtindo wa zamani. Kila mmoja ana sarafu za dadu tatu za pande 6 mara 10, wastani wa 105. Mpiganaji akinunua deraya ya minyororo kwa 40, ngao 10, upanga 10, mkoba wa mgongoni 5, masurufu ya wiki moja 5, mienge sita kwa 1, kamba ya futi 50 kwa 1, vigingi 12 vya chuma kwa 1 na upondo wa futi 10 kwa 1, ametumia 74. Zilizobaki aajiri mpagazi wa kushika mwenge. Anayejaza mikono yake yote miwili silaha na ngao, mwambie mara moja: basi mwanga unabebwa na nani?

Mwanga na muda ndivyo vinavyoleta hofu, na ndivyo mwamuzi mgeni anavyovisahau kwanza. Zamu moja ya kupekua ni dakika 10. Mwenge mmoja huwaka zamu sita. Kila baada ya zamu mbili tupa dadu ya pande 6. Ikitoka 1, kiumbe mzururaji anatokea. Chora visanduku sita vya mwenge kwenye karatasi ambayo wote wanaiona, ufute kimoja kila zamu. Usipofanya hivyo, wachezaji watapekua kila jiwe bila gharama, kikao kitazubaa, na watadhani mtindo wenyewe ndio unaochosha.

Kiumbe akitokea, tupa dadu mbili za pande 6 kuona anavyowapokea. Shambulio la papo hapo hutoka kwa 2 peke yake, yaani mara moja kwa 36. Kuanzia 3 hadi 5 ana uhasama na huenda akashambulia, 6 hadi 8 anasita, 9 na kuendelea hana haja ya vita. Mwamuzi anayeruka hatua hii na kumfanya kila goblini kuwa mkatili ameondoa mlango mkubwa wa kuokoka, kisha anashangaa kwa nini kila mtu anakufa.

Saa ya kwanza ya mchezo ndiyo inayothibitisha ulichoandika. Weka mtego wenye ishara zinazoonekana, ujibu maswali kwa ukarimu. Mchezaji anaanza, mwamuzi anajibu:

— Naingia.

— Kabla hujavuka: vumbi lililokuwa kote limekomea mlangoni. Ukutani kuna matundu mawili, upana wa kidole gumba, usawa wa kifua.

— Nabonyeza sakafu kwa upondo.

— Umesimama wapi?

— Nimechuchumaa, nje ya mlango.

— Mishale miwili inapita juu ya kichwa chako na kuvunjika ukutani.

Hapo hakuna dadu iliyotupwa. Mchezaji ameokoka kwa kusikiliza na kufikiri, na wenzake wameona. Mtego usio na ishara hata moja hufundisha kinyume chake: kwamba kuuliza hakusaidii.

Makosa mawili zaidi hujitokeza baada ya wiki chache. La kwanza ni huruma: dadu inamwua mhusika anayependwa, mwamuzi anasema alizirai tu. Kuanzia hapo kila kifo kitakachofuata kitakuwa uamuzi wako binafsi, na atakayefiwa atauliza kwa nini yeye hakuhurumiwa. La pili ni uchoyo. Wapiganaji watano wanahitaji jumla ya pointi 10,000 ili wapande daraja. Ukitaka wapande baada ya vikao vitano, waweze kutoka na takriban sarafu 2,000 kila kikao, na mahandaki yawe na zaidi ya hizo kwa kuwa nyingine hawatazigundua. Hatari kubwa yenye malipo madogo huwachosha watu upesi.

Na karatasi tupu ziwe mezani tangu mwanzo, pamoja na dadu tatu. Mhusika akifa, mwenyewe aanze kutupa wakati wengine wanaendelea, na mhusika mpya aingie chumba kinachofuata: mfungwa kwenye selo, mpagazi aliyeokota upanga wa marehemu, au manusura wa kundi jingine anayeuliza kwa sauti ya chini kama wana maji.