Kahawa: mnafunga shina, daraja mnaliacha

Kila kiangazi wakulima wa Kabare na Kalehe, huko Kivu Kusini nchini Kongo, hununua grisi, wakafunga shina moja moja la kahawa ili sisimizi wasipande, na wiki ya pili sisimizi wako juu tena. Lawama zinakwenda kwa grisi. Grisi haina kosa! Tazameni kijiti cha maharage kilichoegemea tawi, jani la mgomba lililoning'inia, hata unyasi mmoja uliogusa majani. Hilo ndilo daraja la sisimizi: wanapita hapo, tena kwa mstari.

Sisimizi hawa wa jamii ya Pheidole hukaa ardhini, mara nyingi chini ya shina lenyewe. Wafanyakazi wao ni wa aina mbili: wadogo wengi, na wachache wenye vichwa vikubwa kupita kiasi. Kahawa hawaili. Wanawafuata vidung'ata, wale wadudu weupe kama unga, wanaonyonya utomvu na kutoa majimaji matamu. Kwa utamu huo huwafukuza nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya vidung'ata. Mwaka 1938 Kenya ilichukua nyigu wa namna hiyo Uganda, na vidung'ata wakapungua sana. Ukipulizia dawa mti mzima, unawaua nyigu hao, na sisimizi walio ardhini wanabaki.

Anzeni mwezi wa sita, mvua zikikata, na daraja ndilo la kwanza. Kateni kila tawi linaloshuka chini ya sm 45. Palilieni sm 50 kuzunguka shina. Miti iliyoshikana matawi itenganisheni, la sivyo ifungeni yote. Ndipo ukanda: upana sm 15, ukingo wa chini sm 30 kutoka ardhini. Pimeni kwa utepe wa kupimia, baba na mama zangu, si kwa jicho! Sashe (mfuko wa plastiki) kwanza, imebana bila mkunjo, grisi juu yake. Grisi isiguse gome, na mafuta machafu ya motokaa msiyalete shambani kabisa. Mti wenye mashina matatu una kanda tatu; mbili ni kazi bure.

Kila wiki pitieni tena. Vumbi likifunika grisi, sisimizi hutembea juu yake kama barabarani, na matawi yenye matunda hushuka yakawa daraja jipya.

Majani mapya yakitoka bila masizi, yaani ukungu mweusi unaoota juu ya majimaji yale matamu, mmefaulu.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa vueni sashe zote, kwani maji ya mvua yakikaa chini yake gome linaoza.