Kuzuia ubaguzi katika ulinzi wa chuo, kuanzia getini hadi dakhalia

Mwongozo huu ni wa wakuu wa ulinzi, walezi wa dakhalia na viongozi wa serikali za wanafunzi katika vyuo vya Unguja na Pemba. Walinzi wengi wanaobagua hawajioni kuwa wanabagua. Wanaona tu kwamba kijana yule mwenye rasta "hakai vizuri", au kwamba lafudhi ya yule mwengine si ya hapa. Ndiyo maana semina ya maadili ya siku moja haibadilishi kitu. Kinachosaidia ni kumpunguzia mlinzi nafasi ya kuchagua watu kwa sura, na kumtaka aandike alichokiona kabla hajagusa mkoba wa mtu.

Sababu iwe tendo

Bandikeni kanuni moja ndani ya kibanda cha walinzi: hasimamishwi mtu bila ya tendo linaloweza kutajwa. "Ameruka ukuta upande wa maabara" ni tendo. "Amejaribu vitasa vya ofisi tatu" ni tendo. "Anatia shaka", "kavaa kihuni" na "si wa hapa" ni hukumu, hata zikiandikwa kwa mwandiko mzuri. Katiba ya Zanzibar ya 1984, ibara ya 12, inakataza ubaguzi, na miongoni mwa inayoyataja ni pahala anapotoka mtu, rangi, dini na mawazo ya kisiasa. Hilo la mwisho likumbukwe zaidi wakati wa uchaguzi, ambapo rangi ya fulana au asili ya Pemba hugeuka haraka kuwa kisingizio cha kupekuana.

Kanuni hiyo iwabane pia wanaowapigia simu walinzi. Mei 2018, katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, mwanafunzi mweusi alipitiwa na usingizi kwenye ukumbi wa pamoja wa dakhalia yake, na mwenzake mzungu akawaita polisi wa chuo. Waliofika walimtaka athibitishe kuwa anakaa pale, ingawa aliwafungulia mlango wa chumba chake kwa ufunguo wake. Chuki ya mpigaji simu ikipokelewa bila ya kuchujwa, hugeuka kuwa kazi anayoitimiza mlinzi. Kwa hivyo anayepokea simu aulize kwanza: "Anafanya nini hasa?" Jibu likiwa ni sura, nguo au kabila, mlinzi asitumwe; mpigaji aambiwe apige tena akiona tendo.

Getini

Neno liwe moja kwa wote: "Asalam alaykum, naomba kitambulisho." Apite mhadhiri mwenye gari, apite mgeni mzungu, apite aliyeshuka bodaboda, wote waulizwe vilevile. Kosa la kila siku ni kumwachia mzungu apite kwa tabasamu huku kijana aliyetoka Tanga akiulizwa kwao wapi. Swali hilo la "kwenu wapi" lifutwe kabisa, kwani halina kazi yoyote getini.

Kitambulisho cha chuo kitoshe. Mlinzi anayedai Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi anawafungia mlango wanafunzi wa bara na wa nchi za nje, ambao hawanacho. Aliyesahau cha chuo aonyeshe kitambulisho chochote chenye picha, jina lake litazamwe kwenye orodha ya usajili, kisha apite.

Upekuzi wa mikoba getini, usiotokana na tendo la mtu, uamuliwe kwa bahati. Chukueni mfuko wa kitambaa usioonyesha ndani na vifuniko 20 vya soda, viwili vipakwe rangi nyekundu. Anayeingia anachota mwenyewe. Akitoa chekundu, anapekuliwa, na kifuniko kinarudishwa mfukoni hapo hapo. Mtu mmoja kati ya kumi atapekuliwa, bila ya mlinzi kumchagua. Utaratibu huu huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, kifuniko hakirudishwi, na viwili vikisha kutoka mlinzi anaanza kuchagua tena. Ya pili ni foleni ya saa moja na nusu asubuhi: mlinzi anaweka mfuko pembeni "kuokoa muda" na kuita anaowataka. Saa hizo punguzeni kiwango, acheni chekundu kimoja tu, lakini mfuko usiondoke mezani.

Kila zamu iwe na mlinzi mwanamke. Mwenye nikabu athibitishwe na mwanamke, ndani ya chumba chenye mlango au pazia, hata kama ni cha mita mbili kwa mbili. Asitakiwe kufunua uso mbele ya foleni. Kama mlinzi mwanamke hayupo, aitwe matroni wa dakhalia, na anayesubiri apewe kiti.

Jengine linalosahaulika ni viziwi. Mlinzi anapiga kelele "Simama!" usiku, mtu anaendelea kwenda, na hapo hapo anahesabiwa kuwa anakimbia. Mlinzi azunguke mbele yake, anyanyue mkono, na tochi aimulike chini au kwenye kiganja chake mwenyewe, isiwe usoni pa mtu.

Dakhalia

Laptopu ikiibiwa, jioni ile ile watu huanza kutaja vyumba vya "wale". Hapa ndipo ulinzi wa chuo huvunjika. Msipekue chumba kwa sababu ya minong'ono. Ikilazimu kupekua, ipekuliwe ghorofa nzima, chumba baada ya chumba kwa namba zake, mbele ya mwenye chumba, mlezi na mwakilishi wa serikali ya wanafunzi. Wizi ni jinai, na kuuchunguza ni kazi ya polisi. Mlinzi wa chuo hana ruhusa ya kumhoji mtu usiku kucha wala kushika simu yake.

Daftari

Nchini Uingereza, ripoti ya Macpherson ya 1999, iliyotokana na uchunguzi wa mauaji ya Stephen Lawrence, ilipendekeza kila anayesimamishwa na polisi aandikiwe na apewe nakala. Chuo kinaweza kufanya hivyo kwa daftari la kaboni. Weka safu za saa, mahali, tendo lililoonekana, hatua, muda uliotumika, matokeo na namba ya mlinzi. Nakala moja achukue aliyesimamishwa, ya pili iende kwa mshauri wa wanafunzi, ya tatu ibaki kitabuni. Msiweke safu ya kabila, kwani mlinzi atakuwa anakisia, na kukisia ndiko tunakokukimbia.

Kila baada ya miezi mitatu zisomeni takwimu za daftari hilo. Za mwezi mmoja huwa chache mno na hudanganya. Angalieni matokeo zaidi ya idadi: tuseme kwenye kituo cha bodaboda watu wamesimamishwa na kupekuliwa mara 40 na kilichopatikana ni kitu kimoja, na kwenye maegesho ya magari mara 10 na vimepatikana vitatu. Hapo mnajua kuwa macho ya walinzi yanaelekea pasipostahiki. Tazameni pia zamu. Mlinzi aliyefanya kazi kwa muda wa saa 12, akiwa na funga na futari haijafika, huamua kwa mazoea. Zamu ya muda wa saa nane inaweza kusaidia kuliko hotuba yoyote.

Malalamiko

Sanduku lisiwekwe getini, ambako mlalamikaji anaonekana na anayemlalamikia. Liwekwe maktaba, na ufunguo ushikwe na mtu asiye chini ya mkuu wa ulinzi. Mlalamikaji apate taarifa ya kupokelewa ndani ya siku 3 na majibu ndani ya siku 14. Asiporidhika, aelekezwe kwenye Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, au Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kina ofisi Unguja na Pemba.

Kama ulinzi umepewa kampuni, yote haya yaingizwe ndani ya mkataba kabla ya kutiwa saini, pamoja na haki ya chuo kumkataa mlinzi kwa maandishi. Bila ya kifungu hicho, aliyelalamikiwa huhamishwa zamu tu, na baada ya wiki mbili anarudi geti lile lile.