Kitalu na Daftari: Jinsi ya Kuendesha Darasa la Watu Wazima la Miti ya Asili na Uandishi

Mbegu ya mkongo iliyokwanguliwa vizuri huchukua siku kumi hadi wiki tatu kuota. Madarasa mengi ya kitalu hufia hapo. Mtu mzima ana shamba, genge na mgonjwa wa kuuguza, haji kila Jumamosi kutazama udongo mtupu. Uandishi unaingia hapo: kipindi cha kungoja kinakuwa kipindi cha kuandika, na kinachoandikwa kinakifaa kitalu msimu ujao. Ukivitenga, saa moja bustani na saa moja hadithi zisizohusiana nayo, utabaki na vikundi viwili vinavyoviziana.

Waliopitia vikundi vya redio vya "Mtu ni Afya", kampeni ya elimu ya afya nchini Tanzania, mwaka 1973 wataitambua njia hii: watu wachache, mazungumzo, kisha kazi ya mikono. Wanafunzi 15 hadi 20 wanatosha. Wakizidi hapo, kusomeana kazi kunakula kipindi kizima.

Anza na kalenda ya mvua, si ya shule. Kuanzia Tanga hadi Rufiji, ambako miche hupandwa mwanzo wa masika, sia mbegu katikati ya Novemba. Mtakutana kila wiki kwa wiki nane, kisha kila baada ya wiki mbili hadi siku ya kupanda, mwishoni mwa Machi. Wengi hungoja tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Mvua ikiwahi, msingoje sherehe. Lindi na Mtwara mvua huanza Novemba au Desemba, hivyo huko sia Julai. Kipindi ni cha muda wa saa mbili, jioni baada ya alasiri. Mwezi wa Ramadhani kihamishie asubuhi.

Kwa wanafunzi 20, viriba (mifuko midogo ya kuoteshea miche) 10 kwa kila mmoja, unahitaji viriba 200 vya upana wa sentimita 10 na urefu wa 20. Vitakula kama ndoo 15 za lita 20: ndoo 9 za udongo wa juu, 3 za samadi iliyoiva na 3 za mchanga. Chekecheni vyote. Samadi ipimwe kwa mkono: chimba katikati ya lundo, ukihisi joto haijaiva na itaunguza miche. Jazeni hadi ibaki sentimita moja juu, na mgonge kiriba chini mara mbili ili udongo ushuke. Kiriba kilichojazwa legelege hukunjika kiunoni, na maji hayafiki chini.

Miti mitatu inatosha kwa mwaka wa kwanza: mkongo (Mombasa na Lamu ni mbambakofi), mkwaju na mpingo. Mkongo una mbegu nyeusi yenye kofia nyekundu. Bandua kofia hiyo, maana huvuta wadudu na panya, kisha kwangua kwa tupa au msasa upande wa pili, mbali na kofia ilipokuwa, hadi uone weupe. Acha hapo hapo. Ukiendelea unaumiza kiini. Loweka usiku kucha, zika sentimita mbili, upande uliokuwa na kofia ukitazama chini. Mkwaju osha nyama yote, loweka kwenye maji baridi siku moja au mbili, na zisizovimba zikwangue. Mpingo hautaki ukali huo: mbegu zake ni nyembamba, maji ya moto huziua. Loweka usiku mmoja tu, na chuma maganda mtini, maana yaliyoanguka mara nyingi yameshaliwa na wadudu.

Mninga usianze nao. Mche wake hufa juu kila kiangazi na kuchipua tena kutoka mzizini, miaka kadhaa mfululizo. Mwanafunzi mgeni ataung'oa akidhani umekufa.

Mtu atapendekeza mwarobaini, na ubishi utazuka mkisema si wa kwetu. Umetoka Asia. Mkrismasi nao umetoka Madagaska. Uacheni ubishi huo uende dakika kumi, kisha kila mmoja aandike sentensi tatu za kutetea upande wake. Ni zoezi la kwanza zuri kuliko "andika kuhusu wewe mwenyewe", ambalo huwafanya wazee wanyamaze. Mbegu za msitu wa hifadhi msichume bila kibali. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, huuza mbegu za miti.

Funikeni viriba kwa kichanja cha makuti kilichoinuliwa mita moja. Mwagilieni asubuhi na jioni kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Zikishaota, mara moja inatosha. Mche ukianguka ukiwa umeoza shingoni, sababu karibu kila mara ni maji mengi chini ya kivuli kizito. Punguzeni vyote viwili. Kila baada ya wiki tatu au nne nyanyueni viriba na mkate mizizi iliyotokeza chini, hasa ya mkongo, ambao mzizi wake mkuu huwahi kushuka. Mkichelewa, siku ya kupanda mzizi utabaki ardhini na mche utanyauka. Mwezi wa mwisho ondoeni makuti kidogo kidogo na mpunguze maji ili miche ikomae.

Sasa daftari. Liwe moja la darasa, lenye mistari ya tarehe, mti, mbegu zilizosiwa, zilizoota na aliyemwagilia. Chini ya tarakimu hizo, mwenye zamu huandika sentensi moja ya alichokiona, kunusa au kugusa. Maneno "nzuri" na "ya kupendeza" ni marufuku. "Mchicha pori umeota kwenye kiriba cha 14" ni sentensi bora. Asiyejua kuandika anasema, mwenzake anaandika, kisha anamsomea arekebishe. Usimpe mtu huyo kazi ya kubeba maji wakati wengine wanaandika, hatarudi.

Zoezi linalofunza kuliko yote ni hili: kila mmoja aandike, kwa sentensi zisizozidi nane, jinsi ya kukwangua mbegu ya mkongo. Mwingine achukue karatasi na mbegu afanye kilichoandikwa tu, bila kuuliza. Kama haikutajwa kofia, asiiondoe. Wote wataona palipoachwa pengo.

Vitendawili vipya hutungwa kwa nusu saa. "Mwanangu mweusi, kofia nyekundu" hauhitaji jibu kwa aliyeshika mbegu. Shairi ndilo linataka subira. Tumieni tarbia: mistari minne, kila mstari mizani (silabi) 16, nane na nane, na vina vya kati na vya mwisho. Mfano:

Mkongo nimeupanda, mbegu yake ya mwituni,
Nikakwangua maganda, nikaiweka majini,
Siku kumi zikaenda, imeota kiribani,
Kwa zamu tunailinda, mbuzi wasipite ndani.

Hesabuni kwa makofi. Makosa huwa kwenye herufi m: "mkongo" ni mizani tatu, m-ko-ngo, lakini "mbegu" ni mbili, mbe-gu. Mtu akiandika "ikachipua kiribani", sikio linaweza kudanganyika, ila makofi yatatoa tisa: i-ka-chi-pu-a, ki-ri-ba-ni. "Imeota" inaokoa mstari. Asiyetaka vina mwacheni aandike nathari, wengine hapo ndipo wanapong'ara.

Kazi ikisomwa, msikilizaji kwanza aseme alichokiona akilini, kisha aulize swali moja. Tahajia isahihishwe pembeni, kwa penseli, baada ya kipindi. Neno la Kimwera au la Kizaramo likijitokeza liacheni, na jina la mti kwa lugha hiyo liingie daftarini.

Siku ya kupanda, mashimo yawe yamechimbwa wiki mbili kabla, sentimita 45 kila upande, udongo wa juu umewekwa kando na urudi kwanza. Nafasi kati ya mti na mti mita tano. Chaneni kiriba na mkiondoe chote. Ukiacha kitako chake, mizizi huzunguka humo. Kila mche upewe namba ya kibao inayolingana na daftari, na mtu mmoja mwenye jukumu la kupalilia mzingo wa mita moja. Pitieni tena mwezi wa Juni, mhesabu iliyo hai, mkaandike idadi yake daftarini.