Namna ya Kuandika Hadithi ya Watoto Kuhusu Msichana Aliyekulia Chini ya Hali ya Hatari

Mtoto anayesoma huuelewa utawala wa mabavu pale anapouona ukiingia katika kazi za mikono ya msichana mwenzake: kuteka maji, kuokota kuni, kupika na kulea wadogo zake. Majina ya magavana na tarehe za matangazo humsaidia mwandishi kujua anachokisema, lakini kwa msomaji wa miaka 10 hayana uzito wowote hadi yamemzuia mtu anayempenda kwenda shambani. Hiyo ndiyo kanuni nitakayoishikilia katika mwongozo huu, na mfano nitakaoutumia ni Hali ya Hatari iliyotangazwa na Gavana Evelyn Baring katika koloni la Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, ili kuuzima uasi wa Mau Mau dhidi ya utawala wa Uingereza, na kudumu hadi Januari 1960. Nimeuchagua kwa sababu wapiganaji wa msituni na wafungwa wa Kapenguria, yaani Jomo Kenyatta na wenzake, husimuliwa kila mwaka, ilhali wasichana wa Kikuyu, Embu na Meru waliokua katika miaka hiyo bado hawajaandikiwa vya kutosha katika Kiswahili.

Chagua mwaka kabla ya kumchagua msichana

Hali ya Hatari haikuwa na sura moja kwa muda wote huo. Katika miezi ya kwanza, mtoto wa kijijini aliishi bado katika boma la wazazi wake, akisikia minong'ono ya kiapo cha siri cha kuwaunga mkono Mau Mau na kuona watu wakichukuliwa usiku. Aprili 1954 Operesheni Anvil iliizingira Nairobi. Maelfu ya wanaume walikamatwa na wengi wakapelekwa katika kambi za Langata, Manyani na Mackinnon Road, huku wake na watoto wao wakirudishwa kwa nguvu katika maeneo waliyotengewa Wakikuyu. Kisha, kuanzia katikati ya mwaka huo, serikali iliamua kuwahamisha watu wote wa mashambani na kuwaweka katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na seng'enge, na kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamekusanywa katika vijiji zaidi ya 800. Miaka ya mwisho ilikuwa ya wafungwa kurejea na ardhi kupimwa upya.

Ushauri wangu ni kuchagua mwaka mmoja tu, na kama huna sababu nzito ya kuchagua mwingine, chagua ule wa kuhamishwa. Hadithi inayojaribu kuanza na kukamatwa kwa Jomo Kenyatta na kuishia kwenye bendera ya Uhuru hugeuka kuwa somo la historia lenye msichana aliyepachikwa pembeni. Mwaka wa kuhamishwa, kinyume chake, una kila kitu kinachoonekana kwa macho ya mtoto: nyumba inayochomwa, mbuzi walioachwa, kibanda kipya ambacho mama anakijenga kwa haraka kabla ya mvua, na majirani wasiofahamiana waliobanwa pamoja nyuma ya lango moja.

Utafiti wa mtu anayeandikia watoto

Msichana aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1954 sasa amepita miaka 80. Ikiwa una bibi, shangazi au jirani wa umri huo, nenda kwake kabla ya kwenda maktaba. Fahamu pia kwamba kunyamaza kwake kuna sababu: kundi la Mau Mau lililopigwa marufuku mwaka 1950 liliendelea kuwa haramu kisheria hadi 2003, miaka 40 baada ya Uhuru, na katika vijiji vingi aliyelisha wapiganaji na aliyewalinda wakoloni wamezeeka wakiwa majirani. Usimwulize kama alikula kiapo, wala nani alimsaliti nani. Mwulize walilala wangapi katika kibanda kimoja, maji yalitoka wapi, nani alishika ufunguo wa lango, walicheza mchezo gani, na chakula gani kiliwachosha. Maswali ya namna hiyo humpa mzee heshima ya kuchagua mwenyewe umbali wa kwenda, nayo ndiyo yatakayokupa vitu vya kuandika.

Jumba la Kumbukumbu za Taifa jijini Nairobi lina ripoti za kila mwaka za maofisa wa wilaya. Zisome kwa ajili ya mvua, mavuno, magonjwa na majina ya mahali, huku ukikumbuka kwamba ziliandikwa na watu waliokuwa na sababu ya kuvisifu vijiji walivyovijenga. Picha nyingi za wakati huo pia zilipigwa kwa ajili ya serikali au magazeti ya Uingereza. Zitazame kwa makini kuona paa, mavazi na vyombo, lakini usichukue tabasamu zilizomo kama ushahidi.

Siku ya msichana

Mpe msichana wako umri wa miaka 10 au 11, kwa kuwa katika umri huo anatumwa kila mahali na bado hakuna anayemweleza lolote. Jina lake lifuate desturi: binti wa kwanza wa Kikuyu huitwa kwa jina la mama mzazi wa baba yake, na wa pili kwa jina la mama mzazi wa mama yake. Ukimwita Wangui, tayari una Wangui mwingine mzee katika hadithi, na tayari una uhusiano ambao hauhitaji kuelezwa. Binafsi naona desturi hii ni zawadi kwa mwandishi, kwa maana askari anayeita jina moja langoni anaweza kuwaita watu wawili.

Sasa andika ratiba ya siku yake kabla ya kuhama, saa kwa saa, halafu andika ratiba ya siku hiyo hiyo ndani ya kijiji, na uziweke sambamba. Hatua hii usiiruke, kwa sababu sehemu kubwa ya hadithi yako imo katika tofauti ya kurasa hizo mbili. Zamani alikwenda mtoni alipotaka, akakutana na wenzake, akachelewa na kukemewa. Sasa lango hufunguliwa kwa amri, wanawake huenda shambani kwa muda mfupi wakisindikizwa na walinzi, Waafrika wenzao waliowekwa na serikali, na kijiji kikituhumiwa kuwalisha wapiganaji, adhabu huwa kufungiwa ndani karibu siku nzima. Mama yake anatolewa alfajiri kwenda kazi ya lazima isiyo na mshahara, kufyeka vichaka, kujenga vituo vya walinzi au kuchimba mitaro, ukiwemo ule mrefu wa takriban maili 50 uliopita kandokando ya msitu wa Mlima Kenya ili kuwatenga wapiganaji na watu wao. Baba hayupo: yuko kizuizini, msituni, au hajulikani alipo, na kutojulikana huko ni mzigo wa pekee kwa mtoto.

Kwa hiyo msichana wa miaka 10 anakuwa mama wa nyumba. Anabeba kuni kwa ule ukanda wa mukwa uliokatwa kwa ajili ya paji la uso la mtu mzima, anagawa uji usiotosha, na anajifunza kumnyamazisha mtoto mchanga usiku. Njaa na magonjwa viliwaua watoto wengi katika vijiji hivyo, hasa katika miaka ya mwanzo, na hadithi isiyo na njaa itakuwa imedanganya. Lakini ionyeshe njaa kupitia uamuzi: nani anapewa kikombe cha mwisho, na msichana anamwambia nini mdogo wake aliyekosa.

Kimo chake kikutawale hata katika sentensi. Wakati wa msako, watu walipangwa mstari mbele ya gakunia, mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, ambaye aliashiria kwa kichwa nani achukuliwe. Mwandishi asiyekuwa makini ataeleza hofu ya umati. Mwandishi anayekumbuka kimo cha mtoto anaweza kuandika hivi:

Wangui alikuwa mfupi mno kuyaona macho yaliyokuwa nyuma ya matundu. Aliona miguu. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimepinda kuelekea nje, na asubuhi ile ile mwenye kidole hicho alikuwa amesimama mlangoni pao akiomba chumvi.

Kutoka hapo msichana anajua jambo ambalo mama yake halijui, na hadithi inajiendesha yenyewe kwa sura kadhaa.

Mlinzi awe mtu wa ukoo

Watoto wengi hawakumwona Mwingereza kila siku. Waliyemwona langoni alikuwa mlinzi mwenye rungu au bunduki, mwana wa jirani, pengine mjomba. Mwandishi akimfanya mlinzi huyo kuwa zimwi, msomaji atatoka akiamini kwamba ukatili hufanywa na watu wa aina nyingine. Mpe sababu zake: aliogopa kupelekwa kizuizini, au alitaka karo ya wanawe, au ndugu zake waliuawa Lari usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wakati wapiganaji waliposhambulia nyumba za waliounga mkono serikali na kuwaua watu ambao wengi wao walikuwa wanawake na watoto, tukio lililofuatiwa na ulipizaji kisasi uliomwaga damu nyingi zaidi. Kumpa sababu hakumfutii hatia. Mjomba anaweza kumpa msichana kipande cha sukari jioni na kumchapa mama yake kesho yake, na msichana hana budi kuishi akiyajua yote mawili. Msomaji wa miaka 11 anaweza kuubeba utata huo vizuri kuliko tunavyodhani sisi watu wazima.

Ushujaa wenye ukubwa wa mtoto

Tatizo ninaloliona mara nyingi katika miswada ya aina hii ni msichana anayewaokoa watu wote. Msichana wa kijiji cha Hali ya Hatari hakuwa na uwezo wa kuliangusha lango, na kumpa uwezo huo ni kuwadharau wale walioishi ndani yake. Tafuta uamuzi unaomfaa: kubeba viazi vilivyofichwa chini ya kuni, kukataa kutaja jina, kumfundisha mdogo wake kusoma kwa mkaa ukutani, au hata kusema jina kwa hofu kisha kuishi na matokeo yake. Mnara wa ukumbusho uliozinduliwa katika bustani ya Uhuru Park mwaka 2015 unamwonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula huku kila mmoja akiwa amempa mwenzake mgongo, ili yeyote atakayekamatwa asiweze kumtambua mwingine. Tazama jinsi tendo hilo lilivyo dogo kwa macho na zito kwa matokeo. Hicho ndicho kipimo cha kutumia.

Shule pia ni uwanja mzuri wa uamuzi. Serikali ilizifunga shule huru za Wakikuyu, zile walizoziendesha wenyewe nje ya misheni, pamoja na chuo cha walimu cha Githunguri, na kwa familia iliyokuwa na watoto kadhaa, swali la nani asome lilimwangukia binti kwa ukali zaidi. Wakati huo huo, wapo wasichana waliokuwa bwenini katika shule za misheni: Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940, alikuwa akisoma Mathari huko Nyeri huku mama yake akihamishiwa katika kijiji cha Ihithe. Ukitaka hadithi ya wasichana wawili, mmoja ndani ya seng'enge na mwingine ndani ya ua wa shule wakitengwa na mwendo wa siku moja tu, historia imekwisha kukutayarishia.

Ukatili na lugha

Wazee wengi wa kike wana kumbukumbu za mateso ambayo hayafai kuelezwa kwa undani katika kitabu cha watoto. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228 waliokuwa wameteswa, kwa hiyo hakuna haja ya kuficha kwamba mateso yalikuwepo. Onyesha kabla na baada: mama anaitwa, mama anarudi, mama hawezi kuinua mkono kujitia kitambaa kichwani. Msichana amfunge kitambaa hicho. Usieleze kilichotokea katikati, na usimlazimishe mama kukisimulia baadaye ili kukidhi udadisi wa msomaji.

Katika mazungumzo, kumbuka kwamba ndani ya kibanda watu hawa walizungumza Kikuyu, na Kiswahili walikisikia zaidi kama lugha ya amri kutoka kwa askari. Waandike watu wa nyumbani kwa Kiswahili kilichokamilika, chenye methali na upole, na uwape askari Kiswahili kifupi, kilichovunjika, cha kuamrisha. Msomaji atasikia tofauti bila wewe kuitaja.

Mwisho wa hadithi na maelezo ya nyuma

Usikimbilie bendera ya tarehe 12 Desemba 1963. Wakati wanaume walipokuwa kizuizini, mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikuwa ukiunganisha vipande vya ardhi na kutoa hati za kumiliki, na wengi walirudi wakakuta mashamba yao yamegawanywa bila wao kuwepo. Baadhi ya vijiji vile vilibaki makao ya wasio na ardhi, na vingine vipo hadi leo. Mwisho wa kweli unaweza kuwa baba anayerudi na kumkuta binti aliyezoea kuamua mambo ya nyumba, wakalazimika kujifunza upya namna ya kuishi pamoja. Huo ni mwisho wenye furaha na maumivu, na hauhitaji hotuba.

Nyuma ya kitabu weka kurasa mbili za maelezo kwa walimu na wazazi: tarehe chache, ramani ya wilaya, na orodha fupi ya mambo uliyoyabuni. Kabla ya kuupeleka muswada kwa mchapishaji, usome kwa sauti mbele ya watoto na mbele ya angalau mzee mmoja aliyeishi katika kijiji kama hicho. Watoto wakiuliza swali ambalo kitabu hakijajibu, liongeze katika maelezo. Mzee akisema kwamba lango halikufunguliwa hivyo, badilisha lango.