Namna ya Kusimamia na Kuhifadhi Bandari na Mialo ya Mji wa Kando ya Ziwa: Mwongozo kutoka Kigoma

Mji wa Kigoma unaishi kwa ghuba yake ya Ziwa Tanganyika. Reli ya Kati ilipofika huku mwaka 1914 haikuishia Ujiji, ingawa Ujiji ndio uliokuwa mji wa misafara na biashara ya ziwa kwa miongo mingi. Iliishia kwenye ghuba ya Kigoma, ambako maji ni ya kina na vilima vinazuia upepo, ilhali ufuko wa Ujiji uko wazi na kina chake ni kifupi. Kila kamati ya mwalo, yaani mahali pa ufukweni pa kushushia samaki na mizigo, kila mtaa wa ufukweni na kila halmashauri ya mji wa ziwani inapaswa kulitafakari chaguo hilo, kwa sababu bandari ni kina na kinga kabla ya kuwa gati, kreni au maghala. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuvilinda vitu hivyo viwili, na umeandikwa hasa kwa ajili ya viongozi wa mialo na mitaa, kwani wao ndio wanaoliona ziwa kila asubuhi.

Anzeni kwa kujua nani anahusika na nini, ili malalamiko yasizunguke ofisi hadi ofisi. Bandari rasmi ziko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari (TPA), na usalama wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Maji ya ziwa na mito yanasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, mazingira yanasimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira, na mialo ya samaki inaangaliwa na halmashauri pamoja na vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa rasilimali, ambavyo wengi wanavijua kwa jina la BMU. Andikeni majina ya ofisi hizo na kazi zake kwenye ubao wa mwalo, mahali ambapo hata mgeni aliyeshuka kwenye boti ataweza kuusoma.

Pimeni kina kabla ya kulalamika

Watu wengi husema mwalo wao umejaa mchanga, lakini hawawezi kueleza umejaa kiasi gani, wapi, wala tangu lini. Kazi ya kupima haihitaji fedha nyingi. Chukueni kamba isiyovutika, fungeni kwenye ncha yake risasi au jiwe zito lenye kitako bapa, kisha tieni alama ya kitambaa kila baada ya nusu mita. Hiyo ni bildi, na manahodha wameitumia tangu zamani. Pakeni grisi nzito kwenye kitako chake kabla ya kuiteremsha, kwa maana ikigusa chini itapanda na chembe za kile kilichopo. Ikipanda na mchanga safi, huo ni mchanga wa ufukweni uliosukumwa na mawimbi. Ikipanda na tope jekundu, laini kama unga, basi mnaitazama ardhi ya vilimani iliyosafiri kwa mvua hadi chini ya mitumbwi yenu, na dawa yake haiko majini.

Pimeni sehemu zilezile kila mara, mkijielekeza kwa vitu viwili vya nchi kavu visivyohama, kwa mfano pembe ya ghala na nguzo ya umeme. Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba ziwa lenyewe hupanda na kushuka. Katika mwaka wa kawaida maji huanza kupanda mvua zinapoanza mwezi Novemba, hufikia kilele mwishoni mwa masika, kisha hushuka taratibu mpaka Oktoba. Kwa hiyo chagueni nguzo imara, ichoreeni vipimo kwa rangi na muweke sifuri yake mahali mtakapopakumbuka. Bildi ikionyesha mita 3.2 wakati nguzo inaonyesha maji yako nusu mita juu ya sifuri, kina cha kuandika kwenye daftari ni mita 2.7. Bila hesabu hiyo mtadhani mwalo umepata kina, kumbe ni maji tu yamepanda. Mkipima mwishoni mwa Mei na tena Oktoba, baada ya miaka michache mtakuwa na ushahidi ambao mhandisi yeyote ataupokea kwa heshima.

Tope lizuieni lilikotoka

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito wa kazi yote. Kuchimba tope ndani ya ghuba kunahitaji mitambo ambayo hakuna kamati ya mwalo inayoweza kuilipia, na hata likichimbwa, mvua za mwaka unaofuata zitaleta jingine iwapo vilima viko uchi. Kigoma imekaa kwenye miteremko, na kila kiwanja kinachosawazishwa bila ukuta, kila njia ya mkato inayoteremka moja kwa moja kama ngazi, na kila shamba linalolimwa kufuata mteremko hugeuka mfereji wa kupeleka udongo ziwani.

Tembeeni mteremko mzima siku ya mvua kubwa, au mara baada yake, mkifuata maji mekundu kutoka ufukweni kwenda juu. Mtashangaa jinsi chanzo kinavyokuwa kidogo: pengine ni korongo moja lililoanzia kwenye mtaro wa barabara usio na mwisho mzuri. Korongo dogo huzibwa kwa vizuizi vya mawe au magunia ya mchanga, vikipangwa kwa ngazi kutoka juu kuja chini, si kinyume chake. Mashambani wahimizeni wakulima wachimbe makinga maji yanayofuata kontua, yaani yanayokata mteremko kwa usawa mmoja, na kingo zake zipandwe majani ya vetiva au matete ya mifugo, ambayo mizizi yake hushika udongo na majani yake hulisha mbuzi. Mtaro wa barabara unapokaribia ziwa, chimbeni shimo pana la kunasa tope kabla ya maji kumwagika, na lizoeni kila mwaka kabla ya Oktoba kwisha. Shimo lililojaa halinasi chochote.

Matete yanayoota kwenye midomo ya mito, kama kule Luiche unakoingia ziwani kusini mwa Ujiji, yasifyekwe kwa kisingizio cha usafi. Yanapunguza kasi ya maji na kuliacha tope litue kabla ya kufika kwenye maji ya wazi. Vivyo hivyo, mchanga na mawe ya ufukweni yasichotwe kwa ajili ya ujenzi. Ziwa Tanganyika lina mamia ya aina za samaki ambao hawapatikani mahali pengine duniani, na wengi wao huishi, hula na kuzaa kati ya mawe ya pembeni. Tope likifunika mawe hayo, ukoga wanaoula hufa na maficho yao huzibika, hata kama hakuna nyavu iliyopita.

Jengeni mkijua maji yatapanda

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Wengi waliiona kama usumbufu mpaka maji yalipopanda mwaka 2020 na 2021, yakaingia majumbani na kwenye mialo Kigoma, na ng'ambo kule Bujumbura na Uvira hali ikawa hivyohivyo. Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, unaotokea Kalemie upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kuvukizwa na jua. Katika karne ya 19 mlango wa Lukuga uliwahi kuziba, ziwa likapanda mita kadhaa kuliko lilivyo sasa, kisha likashuka mto ulipofunguka. Anayejenga hapa ajenge akilijua hilo.

Kwa sababu hiyo, gati la mwalo lisiwe na kimo kimoja. Ngazi pana za zege zinazoshuka hadi chini ya usawa wa kiangazi zinafaa zaidi, au gati linaloelea lililofungwa kwenye nguzo ndefu. Chanja za kuanikia dagaa ziwe za kuhamishika. Choo, ghala la chumvi na tangi la mafuta vikae juu kabisa, mbali na alama ya maji ya mwaka 2021, ambayo wazee wa mtaa bado wanaweza kuwaonyesha ukutani.

Vyombo na mafuta

Kibirizi, ambako boti za mbao hupakia watu na mizigo kuelekea Gombe, Kagunga na Kongo, utaona kijana akifua maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya boti, kwa dumu lililokatwa, na kila anapomwaga, rangi za upinde wa mvua hutanda juu ya maji. Hayo ni mafuta ya injini. Yakimwagwa ziwani hayaendi mbali, kwa kuwa maji ya Tanganyika hukaa karne nyingi kabla ya kutoka. Wekeni pipa lenye mfuniko kila mwalo kwa ajili ya oili chafu, na wafundisheni manahodha kufyonza mafuta ya ngama kwa matambara kabla ya kufua maji. Atakayeipeleka oili kwenye gereji zinazoipokea alipwe kidogo kutoka kwenye ushuru wa mwalo, maana kazi isiyo na malipo huachwa baada ya wiki moja.

Takataka za kawaida zina njia yake: mapipa, zamu, na faini inayotozwa kweli.

Kipindi cha ziwa kufungwa kwa uvuvi, kama ilivyofanyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, ndicho wakati mzuri wa kazi za mwalo. Boti nyingi ziko nchi kavu, mvua zimekatika, na wavuvi wako nyumbani. Pimeni kina, ondoeni mabaki ya boti zilizozama karibu na ufuko na nyavu zilizonasa chini, kazeni ngazi, pakeni rangi upya kwenye nguzo ya vipimo, kisha nakala ya daftari ipelekwe kwa afisa mtendaji na kwenye ofisi ya bonde kabla bajeti ya mwaka unaofuata haijaanza kuandaliwa.